Jicho la Kushoto

Tangu jicho lake la kulia lipofuke, mpiga picha wa Ushirombo anajifunza upya kazi aliyozeekea. Kila asubuhi Mama Rhoda, anayekaanga maandazi mkabala na studio, humwona akiipeleka kamera kwenye jicho lile lile bovu, akiguna, kisha akiihamishia kushoto, pua ikibonyea nyuma ya kamera. "Usinicheke, Mama Rhoda. Hili lilizoea kufumbwa tu." Humlenga yeye na moshi wake, huwalenga mbuzi na bodaboda, mpaka jicho lichoke, naye hulipangusa kwa mkono wa shati na kuanza tena. Mama Rhoda analijua jicho hilo tangu zamani. Misibani la kulia lilikuwa kazini, kavu kabisa, na la kushoto, limefumbwa, ndilo lililolia.

Jumamosi wakamzika Baba Rhoda, aliyefukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu. Familia ikajipanga nyuma ya jeneza. Mpiga picha akainua kamera, safari hii moja kwa moja kushoto. Akaishusha. Akaiinua tena, akaishusha. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee haoni.

"Kioo kimeingia ukungu, mama," akasema. "Nivumilie kidogo."

Mama Rhoda akatoka kwenye mstari, akashika pindo la khanga yake. Kioo hakukigusa. Akamfuta jicho, taratibu, kama anavyofutwa mtoto.

"Haya, piga sasa," akamwambia, akarudi kusimama kando ya mumewe.