Kichupa cha Mama Kilichozikwa Aveba

Wenye ukurasa, ficheni jina langu. Haya sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma sekondari hapa Bunia. Darasani wananiita "Docteur ya maiti" tangu niliposema nataka kuwa daktari wa kuchunguza uvimbe wa ubongo kwa mikroskopu. "Utasemaka na nani kule, na kioo?" Wakacheka. Mapumziko nabaki ndani na kitabu changu. Sababu hawaijui.

Mwaka jana Mama alipasuliwa kichwa. Daktari akatoa kipande cha uvimbe, akakitia katika kichupa chenye dawa ili tukipeleke mji mwingine kwa mtaalamu wa kukisoma. Baba alibaki na Mama hospitali, akaniachia kichupa nikitunze nyumbani.

Mchana huohuo akafika Shangazi, dada mkubwa wa Baba, kutoka kijijini kwetu Aveba.

"Hii ni nini?"

"Ni kipande cha Mama, Shangazi. Cha kichwa."

"Weye mutoto! Mutu angali muzima, munatembeza nyama yake sawa samaki ya soko? Leta. Italala kwetu."

Katika familia yetu hata kidole kilichokatwa huzikwa nyumbani. Nilikuwa nimesoma, nilijua tunapoteza nini. Lakini sijawahi kumkatalia mtu mzima. Nikampa kwa mikono miwili, naye akaenda kukizika kule Aveba, nyuma ya nyumba ya Babu. Baba nikamwambia kimeanguka kikavunjika. Akanishika kichwa tu. "Pole, mutoto yangu."

Sasa maumivu yamerudi, Mama anaona kila kitu kama viwili. Juzi daktari aliuliza majibu ya kipande yako wapi, maana bila kujua aina ya uvimbe anatibu kwa kukisia. Baba akajibu, "Kilivunjika, docteur. Ni kosa yangu." Nilikuwa mlangoni. Nikasikia yote.

Alhamisi watampasua tena wachukue kipande kingine. Atakayekaa naye hospitali ni Shangazi, anayempenda na kumwogesha kila siku. Kichupa kitapita mkononi mwake. Nikisema, nitawagombanisha ndugu wawili Mama akiwa kitandani. Nikinyamaza je? Ninyi mngefanya nini?

Niliandika mpaka hapo jana, sikutuma. Leo kabla ya shule nilimkuta Baba anavaa viatu, nikamwambia yote. Alikaa na kiatu kimoja mkononi.

"Miezi yote hii niko najilaumu," akasema.

Nikaomba Alhamisi nikae mimi na Mama, nipokee kichupa mimi. Akainama kuvaa kile kiatu. Nikachukua mfuko wangu, nikaenda shule kabla sijajua kama atakubali.