Mpinzani wa Hetal

Paskalina Sulle alishona magunia katika ghala la Mzee Kanti, pale Katesh, kwa miaka minne kabla ya kujua kwamba nyuma ya marundo ya mahindi kulikuwa na wavu. Kwao ni Nangwa, watu wa jembe na ng'ombe wawili watatu. Kazi aliipata biashara ya nafaka ilipoachiwa watu binafsi, na Mzee Kanti, Mhindi mzaliwa wa Babati, akahamia Katesh kununua ngano.

Jioni moja alirudi kuchukua kanga aliyoisahau. Akamkuta mzee na bintiye Hetal, mtoto wa miaka tisa, wakipigiana kwa raketi kitu chepesi chenye manyoya. Nje wasingeweza. Upepo wa mlima Hanang ungekibeba kinyoya hadi sokoni.

Mwaka uliofuata mzee akateleza kwenye ngazi ya ghala, goti likaharibika, mchezo ukamshinda. Hetal akabaki anapigapiga kinyoya ukutani peke yake. Paskalina alivumilia kumtazama siku tatu. Ya nne, mtoto akamfuata.

"Shikamoo dada Paska."

"Marahaba."

"Unaweza kunirushia kwa mkono tu? Mimi nitapiga."

Akarusha. Baada ya wiki mzee akampa raketi yake mwenyewe. Paskalina alivua viatu, akafunga kanga kiunoni, akapiga hewa mara sita mfululizo, na Hetal akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mkono uliokulia kwenye ungo una wepesi wake. Kufikia msimu wa mavuno, mtoto alikuwa hacheki tena, alikuwa anahema.

Huko Nangwa mama yake alisikia, akamuuliza, "Mtu mzima, unacheza?"

"Nacheza, mama."

"Na Mhindi anakulipa kwa hilo?"

"Hapana."

Mama akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua maharage.

Wakacheza hivyo miaka minne. Ghala likijaa walisubiri. Likipungua walisogeza magunia na kufunga wavu. Ndipo mkoa wa Manyara ukazaliwa, ukatengwa na Arusha, nao ukatakiwa kupeleka vijana wake kwenye mashindano ya taifa. Afisa michezo alizunguka Mbulu na Hanang kutafuta wachezaji wa mpira wa vinyoya, akampata mmoja. Timu nzima ya Manyara ikawa ni Hetal, miaka kumi na minne, na kwenye fomu, mahali pa kocha, Mzee Kanti akaandika jina la Paskalina.

Dar es Salaam Hetal alifungwa mchezo wa kwanza, tena haraka. Binti wa huko alikuwa akikidondosha kinyoya karibu kabisa na wavu, Hetal akifika kimeshalala. Alipotoka uwanjani alimpa Paskalina raketi. Walizungumza basi la kurudi lilipokuwa limepita Chalinze.

"Mimi sijui kucheza," alisema.

Paskalina alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu asubuhi. "Unajua. Mimi ndiye niliyekuponza."

"Kwa nini, dada?"

"Miaka yote hii nakuletea kinyoya pale unapokipenda. Ukichoka, napunguza nguvu. Ukikosa, nakirudisha palepale ili upate. Nilikuwa nakulea, Hetal. Sikuwa nacheza."

Waliporudi Katesh, alianza kucheza. Alimkimbiza pembe hii hadi ile, akimwona ameelemea kulia anapiga kushoto, akimwona nyuma anadondosha mbele. Hetal alifungwa Jumatatu, akafungwa Jumanne. Ijumaa alitupa raketi juu ya magunia, akatoka analia. Kesho yake Mzee Kanti alimwita Paskalina ofisini.

"Paskalina, mtoto analia kila siku."

"Najua, mzee. Na mimi nikifika nyumbani nalia."

Mzee alilisugua lile goti lake. "Basi endeleeni," akasema.

Wakaendelea. Ilichukua wiki saba Hetal kumfunga, na siku hiyo hakushangilia. Alipita chini ya wavu, akamkumbatia Paskalina kwa nguvu, wote wawili wamelowa jasho na vumbi la mahindi. Tangu hapo Paskalina hakumfunga tena, ingawa alijitahidi kwa haki.

Mwaka uliofuata Hetal alifika nusu fainali ya taifa. Mwaka mmoja baadaye alichukua kikombe, akamfunga yuleyule binti wa Dar. Akaitwa timu ya taifa, kisha akapata nafasi ya kwenda India kufanya mazoezi. Kutoka kule alipiga simu anacheka. "Dada, huku wananiita Mwafrika. Kihindi changu wanasema kina lafudhi ya shambani." Kocha wa huko alikuwa amemuuliza ni nani aliyemfundisha kile kiganja chepesi. Akamjibu ni mwalimu wake wa Katesh, na kocha akaliandika jina la Katesh kwenye daftari.

Alipotimiza miaka ishirini alicheza fainali ya wanawake ya mashindano ya kimataifa, Nairobi. Siku hiyo akina mama wa ghalani walishona polepole, simu ya Paskalina ikiwa juu ya gunia, kila mmoja akiitupia jicho. Ililia saa kumi.

"Nimefungwa, dada."

"Seti ngapi?"

"Tatu. Ya mwisho ishirini na moja kwa kumi na tisa."

Imakulata, aliyekaa karibu, akanong'ona kwamba lazima waamuzi wamependelea mtu wao. Paskalina akamnyamazisha kwa mkono.

"Aliyekufunga ni mzuri?"

"Mzuri sana. Anajua kusubiri."

"Umekula?"

"Bado."

"Kale kwanza. Halafu unipigie, unieleze alivyokuwa anasubiri."

Akakata simu, akawaambia wenzake matokeo. Kisha akamwita Fausta, mshonaji mpya aliyetoka Hirbadaw wiki iliyopita, akamwomba amsaidie kusogeza magunia ya nyuma, maana Hetal angerudi Alhamisi na wavu ulihitaji nafasi.