Ua la Pipa la Nili

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Louisville, niliharibu kazi kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo.

Wajukuu wangu huuliza nilifanya kazi gani Marekani. Nilikuwa mpokea wageni katika karakana za mafundi wa vitambaa wa Kijapani. Watu walikuja kuwatazama mafundi wakiwa kazini. Mimi niliwafungulia mlango, nikawaonyesha pa kusimama, nikawaonya wasiguse kitu. Kumbe wa kuonywa kwanza nilikuwa mimi.

Mwenye karakana tulimwita Fundi Mkuu, mzee mwembamba mwenye kucha za bluu. Alitia vitambaa rangi ya nili, inayotokana na majani yaliyochachushwa ndani ya pipa. Asubuhi ile alitoka kupokea simu. Nikafunua pipa, harufu ikanipiga puani, na juu nikaona povu zito la bluu. Mikono yangu ya jikoni haikungoja ushauri. Nikachukua upawa, nikaliengua lote kama povu la maharage, nikalimwaga kwenye sinki. Tena nikajisifu.

Fundi Mkuu aliporudi alilitazama pipa, akanitazama na mimi.

"Ua liko wapi?"

"Ua gani, Fundi?"

Povu lile ndilo mafundi huliita ua. Wakati wa kuchovya kitambaa hulisogeza kando, kisha hulirudisha, na kwa kulitazama hujua afya ya pipa, kwa maana nili iliyochachushwa ni kitu hai. Pipa lile alilianzisha kwa mbegu, yaani maji kidogo ya nili hai, aliyopewa na mwalimu wake, na wiki ile baridi ilikuwa imelidhoofisha. Ua likirudi, pipa limepona. Lisiporudi, limekufa, na mbegu ya mwalimu imekwenda nalo.

Mratibu wa ziara, dada wa Kikenya asiye na subira, akaingia mbio. "Aki, Mama Upendo, umemwaga? Na visitors wako karibu kufika! Sasa tutawaonyesha nini?"

Nilijua kazi imeota mbawa. Lakini kilichoniuma zaidi ni uso wa yule mzee. Mimi, binti wa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi, wa Machame, nisijue kitu kinachochachuka! Mama angenichapa kwa upawa uleule.

"Wageni waje," alisema Fundi Mkuu. "Waambie tuna mgonjwa."

Wakaja, wakalizunguka pipa kama watu waliokuja kujulia hali. Fundi akalilisha pumba za ngano zilizopikwa, chokaa kidogo na pombe ya mchele.

"Fundi," nikasema kwa woga, "kwetu mbege ikigoma tunaifunika ipate joto. Naruhusiwa?"

Akaitikia kwa kichwa. Nikalifunga pipa kwa kitenge changu na koti langu la baridi, nikarudi nyumbani natetemeka. Siku tatu nilifika kabla ya wote na kuliamkia: "Shikamoo, pipa." Siku ya nne Fundi aliniita. Katikati kulikuwa na povu dogo, upana wa kifuniko cha soda. Nilipiga vigelegele mpaka Mratibu akaangusha simu. Fundi Mkuu, asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akakohoa.

Baadaye nilihamishiwa Columbus, nikapanga nyumba Linden. Mfumaji wa huko alifunga nyuzi mafundomafundo na kuzitia rangi kabla ya kufuma, hivyo ua la urembo lilikuwapo kabla ya kitambaa chenyewe. Alihesabu nyuzi kimya. Mgeni mmoja alipiga chafya, mama wa watu akaanza upya! Kituo cha mwisho kilikuwa Buffalo, kwa fundi aliyeshona kitambaa kikajikunja bonge, akakichovya, kisha akachomoa uzi mbele ya wageni, nakshi ikajitokeza. Kila kundi liliguna "aaah", na mimi niliguna nao mpaka nastaafu. Vijana, kazi ikikufurahisha hivyo, usione haya.

Siku ya kuniaga, Mratibu, naye sasa ana mvi, alileta ndoo yenye kifuniko kutoka Louisville. Juu Fundi Mkuu alikuwa ameandika: "Mtoto wa pipa letu. Mpe joto." Nililia mbele za watu, wala sikujificha.

Ndoo iko jikoni kwangu, hapa West Side ya Buffalo, imefungwa kitenge kilekile. Jana mjukuu wangu aliifunua, akaziba pua. "Bibi, it stinks!"

"Inanuka kwa sababu ni nzima, mama. Tazama ua lake."

Upawa wa maharage nimeufungia kwenye kabati la mbali. Mikono hii naijua.