Breki ya Mkono ya Baba Mkwe

Jamani, mimi nimeona gari likibisha hodi.

Halikuwa na dereva. Gari dogo jekundu la michezo, la zamani, viti viwili, liliteremka taratibu kutoka barabarani, likakata ua, likaugonga mlango wa sebule ya mama mdogo wa mke wangu. Sisi wageni tulikuwa ndani tunakunywa chai.

Gari ni la baba mkwe. Yeye mwenyewe alitokea baadaye, anahema.

"Nilishuka mara moja tu, kunyoosha mguu!"

Sasa elewa kitu. Mzee huyu, tukienda kutembelea ndugu, hashuki garini. "Ingieni nyie," husema. "Breki ya mkono mbovu. Nikiondoa mguu tu, gari linaondoka." Miaka nenda rudi tumekuwa tukimpelekea chai dirishani, tunamhurumia kweli kweli.

Siku hiyo mama mkwe akakata shauri. "Jumamosi gari linauzwa. Mnunuzi yupo."

Mzee akanywea. Gari hilo alilinunua kabla hajaoa, na hulifuta vumbi kwa fulana zake mwenyewe. Nikamwona machozi yanamlengalenga.

Mimi ni fundi magari. Mdomo ukaniponza.

"Mama, niachie mimi. Breki isiposhika, uza."

Basi nikalipandisha jeki. Nikauvuta mkono wa breki, magurudumu ya nyuma yakakaza kabisa. Nikauachia, ukaanguka chini, pwaa! Magurudumu yakawa yanazunguka kama feni.

Maana yake waya wa breki ni mzima. Nikasema ugonjwa uko kwenye meno yanayoushika mkono usirudi chini. Nikafungua. Meno makali, hayana hata pengo. Nikabadilisha springi, ili mradi. Wapi! Pwaa tena.

Ijumaa ikanikuta nimekaa kwenye kiti cha dereva, nimechoka, naona aibu ya ukweni inakuja mbio.

Ndipo nikakitazama kile kitufe cha juu ya mkono wa breki. Vyuma vyote vya gari vimefubaa, lakini kitufe kinang'aa. Kitufe cha breki isiyofanya kazi, nani anakishika mpaka king'ae?

Nikavuta mkono, nikakibonyeza kwa kidole gumba, nikaachia.

Kimya. Mkono umesimama pale pale. Nikashuka, nikalisukuma gari kwa bega. Halikutikisika.

Kumbe magari mengine ukivuta breki inajishika yenyewe, ukibonyeza inaachia. Hili limeundwa kinyume: unavuta, unabonyeza, ndipo inashika. Ukitaka iachie unavuta kidogo tu. Halikuwa bovu hata siku moja!

Kugeuka, baba mkwe kasimama mlangoni mwa gereji.

"Umeona?"

"Nimeona, Baba."

Akaurudisha mlango. "Mwanangu, yule shemeji yangu akianza kuongea hana kituo. Kwa hiyo mkishaniletea chai na kurudi ndani, mimi hufunga breki, nakwenda kucheza drafti kwa kinyozi. Siku ile nilikuwa na haraka, nikasahau kubonyeza."

"Sasa nifanyeje? Nikisema ni zima, umeumbuka. Nikisema ni bovu, linauzwa."

Mzee akaupapasa usukani. "Sema umelitengeneza. Nitakuwa naingia ndani. Nitateseka, lakini nitaingia."

Jumamosi ikafika. Mnunuzi uani, mama mkwe uani, mimi na spana yangu ya maonyesho.

"Mama, limepona. Nimebadilisha springi." Hapo sikudanganya, springi nilibadilisha.

Nikataka kumwonyesha breki inavyofungwa. Hakunisubiri. Akaketi kwenye kiti cha dereva, akavuta, akabonyeza kwa gumba, akaachia. Ikashika!

Mimi na mzee tukatazamana.

"Mama... ulikuwa unajua?"

"Tangu uchumba." Akacheka mpaka akaegemea usukani. "Huyu akiingia kwa mdogo wangu wanabishana mpaka chai inapoa. Breki ikiwa mbovu, mimi nastarehe."

"Sasa kama unajua," mzee akauliza, "kuuza kwa nini?"

Kicheko kikamwisha.

"Kwa sababu siku ile nilitoka peku nikajua umo humo ndani, moyo umekusimama. Nafungua mlango, kiti kitupu. Drafti najua unacheza, lakini kwa nani, hujaniambia hata siku moja. Nikuulizie wapi? Niambie, baba watoto. Tangu hapo nikilitazama gari hili nakiona kile kiti kitupu."

Mzee akamfungulia mlango, akampa mkono ashuke. Mimi nikajifanya natafuta spana.

"Ni kwa kinyozi," akasema hatimaye. "Yule wa kona ya juu. Siku zote ni pale."

Mama mkwe akashusha pumzi. Akamgeukia mnunuzi. "Ndugu yangu, tusamehe. Haliuzwi."

Jumapili walikwenda kwa mama mdogo. Mzee akaingia ndani kwa hiari yake, wakabishana na shemeji yake mpaka chai ikapoa. Mama mkwe mwenyewe akamnong'oneza, "Nenda kwa kinyozi, nenda."

Enyi mafundi wenzangu, kabla hamjatengeneza kitu cha ukweni, ulizeni kwanza nani anafaidi ubovu wake.

Na wewe unayewakimbia watu, kimbia tu, kila mtu huchoka. Lakini mmoja wao ajue uliko.