Unga Mweupe wa Muhogo Mchungu

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa kumi, kule Mishamo, nikiwa sijamaliza hata mwaka kwenye ndoa. Mchana nilisonga ugali mweupe kuliko wote niliowahi kuusonga, nikajisifu moyoni. Kabla ya saa tisa mtoto wa miaka sita alikuwa amelegea mikononi mwangu, macho yamegeuka, na mimi ndiye niliyekuwa nimemlisha.

Kaa vizuri, mwanangu. Habari hii siisimulii ovyo, na nikishaianza sipendi kukatishwa.

Mimi ni Mkonongo, nimezaliwa nje kidogo ya Mpanda. Kwetu ugali ulikuwa wa mahindi. Muhogo tulikuwa na mashina machache nyuma ya nyumba, ile mitamu. Unachimba, unamenya, unatafuna mbichi huku unaenda zako kisimani. Mimi nilijua muhogo wote duniani uko hivyo. Nikampenda Zakaria, kijana wa familia zilizotoka Burundi, nikaolewa naye Mishamo. Baba yangu alikasirika, wee! Alisema naenda kuteseka kwa watu wasio na kwao, nitakula vitu vya kunuka. Tangu niondoke nyumbani hakuja kuniona.

Na kweli vilinuka, tusidanganyane. Mishamo walilima muhogo mchungu, ule ambao hata nguruwe pori wanauacha shambani. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mabukwe kama wanavyosema kwa Kirundi, alinifundisha kazi yake tangu wiki ya kwanza. Unamenya, unaloweka kwenye shimo la maji kando ya kijito, unafunika kwa majani. Siku nne, baridi ikizidi, tano. Unabonyeza kwa kidole, kikizama kama kwenye ndizi iliyoiva ndipo unatoa. Kisha unaanika, unatwanga. Unga wake waliuita kivunde. Ukiusonga, nyumba nzima inajua, na jirani naye anajua. Wenyewe waliupenda kweli. Mimi nilikuwa nameza nimebana pumzi.

Sasa Alhamisi ya wiki ile nikapata ujumbe kwamba baba yuko Ikola, kule ziwani, amefuata dagaa, na Jumapili atapita kuniona. Haki ya Mungu, nilicheza pale uani! Mabukwe naye siku hiyohiyo alikuwa anafunga kitenge chake aende kijiji cha pili, kaka yake alikuwa amefariki. Asubuhi alikuwa ametoka kuloweka mihogo. Akaniita.

"Kuna unga nusu ndoo pale ndani," akasema. "Mpikie baba yako huo, umwambie mimi nimemsalimu. Ile niliyoloweka leo usiiguse mpaka nirudi."

"Ndiyo, Mabukwe."

Ndiyo ya mdomoni hiyo, mwanangu. Kichwani nilikuwa nishamwona baba anakunja pua, ananiambia, si nilikwambia? Nikasema hapana. Baba yangu hatanusa kivunde kwenye nyumba yangu.

Ijumaa asubuhi nikaenda kijitoni, nikatoa mihogo mitano. Ilikuwa migumu bado, kidole hakiingii. Nikaikata vipande vyembamba, nikaianika juu ya jiwe. Jua la mwezi wa kumi si mchezo, Jumamosi jioni vilikuwa vinavunjika vyenyewe. Nikatwanga, nikachekecha mara mbili. Unga ukatoka mweupe, haunuki kitu, laini hadi unateleza vidoleni. Nikajiambia hawa watu wanajitesa bure, siku tano za nini?

Baba akaja na kiroba cha dagaa begani. Zakaria alikuwa shamba la mbali tangu alfajiri, kwa hiyo aliyempokea pamoja na mimi ni Konsolata, wifi yangu mdogo, yule wa miaka sita. Mtoto mchangamfu ajabu. Akamkalia baba pajani kama anamjua miaka yote. Nikapika dagaa, nikasonga ugali wangu mweupe, wakala sahani moja. Baba alikula akasema, "Kumbe mnakula vizuri hivi!" Mimi nikawa mrefu kama mlingoti. Konsolata dagaa aliwaogopa kwa sababu ya macho yao, akawa anachovya tonge kwenye mchuzi, tonge juu ya tonge. Ugali usiochachuka kwake ulikuwa kama keki. Nami nikamwongeza. Nilimwongeza mara mbili, kwa mkono wangu huu.

Mimi mwenyewe nilikula makombo machache sufuriani, ndiyo desturi yangu kukiwa na mgeni.

Ikafika saa nane. Baba akasema kichwa kinamgonga, akaegemea ukuta. Konsolata akaanza kutapika. Kwanza nikasema ameshiba kupita kiasi. Akatapika tena, akataka kusimama akaanguka, akawa anahema haraka haraka. Nilipomnyanyua, shingo haikushika. Nikapiga yowe. Zakaria ndiyo kwanza alikuwa anaingia uani na baiskeli yake. Hakuuliza kitu, akampakia mtoto kwa mbele, mimi nikamshika baba mkono tukakimbia nyuma yake mpaka zahanati. Baba alitapika njiani mara tatu.

Daktari akauliza, "Wamekula nini?"

Nikajibu, "Ugali na dagaa."

"Dagaa wa wapi?"

Baba akasema ni wake, katoka nao Ikola. Daktari akatikisa kichwa. Akasema dagaa hao walikaa unyevu wakaharibika, ndiyo mambo ya kila mara. Akamtundikia mtoto dripu. Zakaria akamtazama baba yangu kwa jicho ambalo sijalisahau. Na baba, mtu mzima, mgonjwa, akainamisha uso akasema, "Mnisamehe jamani. Nilikuwa nawaletea zawadi."

Mwanangu, pale ndipo ningesema. Nilishajua. Mikono yangu ilijua. Nilikuwa naukumbuka ule ugumu wa muhogo wa Ijumaa kwenye kidole changu. Lakini niliwaza Mabukwe atasemaje, Zakaria atanirudisha kwetu, baba atanionaje. Nikajidanganya kwamba huenda kweli ni dagaa. Nikanyamaza, baba yangu anabeba kosa langu mbele ya macho yangu.

Saa kumi hivi mtoto akafumbua macho kidogo. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama Bosko, jirani yetu, mama mwenye huruma kuliko wote pale kijijini, na chupa ya uji.

"Poleni sana," akasema. "Nimepita kwenu nikakuta unga mzuri mweupe ndani ya ungo, nimemkorogea mtoto uji mwepesi. Tumbo limebaki tupu, lazima lipate kitu. Na baba mgeni chake hiki hapa."

Akamimina kikombe. Akaupoza uji wa mtoto kwa kuupuliza, fuu, fuu. Zakaria akamwinua Konsolata kichwa. Daktari alikuwa amegeuka anaandika. Mimi nimesimama ukutani, mdomo umefungwa kama umeshonwa. Baba kashika kikombe chake mkononi. Mama Bosko akasogeza kijiko. Konsolata, maskini, akafungua midomo.

Nikaruka. Niliupiga ule mkono, uji ukamwagika kitandani, nikampokonya na baba kikombe chake. Mama Bosko akasema, "Ebo! Una wazimu?"

"Ni unga!" nikapiga kelele. "Siyo dagaa, ni unga wangu! Mihogo haikuiva majini. Nimeitoa siku ya pili!"

Daktari akaja akanishika mabega, akaniuliza mara mbili, siku ya pili? Muhogo mchungu? Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mbona hukusema tangu saa tisa?" Hakungoja jibu. Akasema dawa ya sumu ya muhogo yeye hana, pengine hospitali ya Mpanda wanayo, na kwamba mtoto akianza tena kuhema vile hatamudu. Akatoka mbio kutafuta gari. Zakaria hakunitazama kabisa. Baba ndiye aliyenitazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Vero, umeniacha nilaumiwe tangu mchana?"

Angenipiga ningeshukuru.

Gari likapatikana, pikapu iliyokuwa imeleta mbegu. Tukalala nao nyuma kwenye magunia, Konsolata kifuani kwangu. Kila shimo la barabara nilikuwa naweka sikio puani kwake nisikilize. Mara mbili pumzi zilikaa kimya, nikamtingisha, nikamwita kwa jina mpaka sauti ikakatika. Safari ile ilikuwa ndefu kuliko umri wangu wote wa wakati huo.

Alipona, mwanangu. Nimeona uso wako, ndiyo maana nakuwahi. Baba alipona siku ya pili, Konsolata siku ya nne. Lakini sikupewa salama ile kwa akili yangu, ilikuwa rehema tu.

Mabukwe alifika hospitali Jumatatu, bado na vumbi la msiba miguuni. Nilimsubiri anitukane. Akaketi kwenye benchi nje ya wodi, akagonga pale pembeni yake nikae.

"Ulionea aibu harufu," akasema.

Nikalia.

"Sikiliza. Bibi yangu alipokuwa msichana huko Burundi hakuujua muhogo. Walikula mtama na ulezi. Siku za Wabelgiji ikaja amri kila nyumba ilime muhogo, asiyelima anakula kiboko. Mbegu tuliletewa. Namna ya kuula hakuna aliyetueleza. Mwaka wa kwanza kwenye kilima chetu walizika watoto, wakatuhumiana uchawi wenyewe kwa wenyewe. Halafu mama mmoja alikuwa ameficha mihogo yake kwenye maji ya bondeni, njaa ikambana, siku ya tano akaitoa imeoza, akasema bora nife nimeshiba. Akala na wanawe, wakaamka wazima. Wanawake wengine wakamfuata kumwuliza. Hiyo harufu unayoionea aibu ndiyo iliyotuacha hai, mimi na huyo mume wako."

Akaingia kumwona mwanawe.

Nilikuja kujua mengine ukubwani, kwa bwana shamba mmoja aliyekuwa anatuzungukia. Alisema muhogo si wa Burundi wala wa Tanganyika. Wareno waliutoa ng'ambo ya bahari, Amerika ya Kusini, kwenye meli zao. Wenyewe kule walikuwa wanajua tangu zamani kuukuna na kuukamua maji yake kabla ya kuuchoma. Meli zilibeba miti, hazikubeba mama wa kuelekeza. Nikamwuliza, kwa kiburi bado, na mahindi yetu je? Akacheka. Akasema mahindi nayo yametoka hukohuko, na maharage haya, na karanga, na nyanya, na pilipili. Loo! Mimi niliyeona kinyaa ugali wa wakwe zangu kwa sababu ya ugali wa kwetu wa asili, kumbe yote ni wageni wa safari moja.

Nimekueleza haya yote kwa sababu jana, hapa Shanwe, nilikusikia na wenzako mnapanga kuuza unga wa muhogo. Mkasema mtakausha kwa siku mbili kwenye mashine, usinuke, wateja wa mjini wanataka mweupe. Sikuwajibu pale, nilitaka kwanza nikuite wewe peke yako. Mashine nunueni, sina ugomvi nayo. Ila kabla hamjafupisha siku hata moja, nendeni Mishamo mkawaulize akina mama ile siku ya nne inafanya kazi gani, na kwa mtaalamu mkapime unga. Usifute kazi ya mtu kabla hujajua alikuwa anazuia nini. Na usione aibu chakula kilichowalea watu wako au wa mwenzio. Huna habari kilipita kwenye makaburi mangapi mpaka kikufikie wewe kitamu.

Kubwa kuliko hayo ni hili. Utakosea, nyie nyote mtakosea, hakuna dawa ya hilo. Ukishajua umekosea, sema palepale. Usingoje kijiko kifike mdomoni mwa mtoto. Baba yangu alinisamehe ule ugali kabla hata ya kutoka hospitali. Zile saa nilizokaa kimya alinisamehe akiwa mzee sana, na mimi mwenyewe sijajisamehe mpaka leo.

Njoo uniinamie nikushike kichwa. Mungu akuzidishie kazi ya mikono yako, na kila atakayekula kwako aamke asubuhi mzima, akutaje kwa wema. Na siku utakapoteleza, akupe mdomo mwepesi.