Jirani Aliyeliona Kwanza

Mimi ni mtu wa kushuku. Ukinipa sahani ya ugali, natazama kwanza kama na wewe unakula. Wanangu hunicheka, wanasema ningefaa kuwekwa kwenye kizuizi cha barabarani nikague mizigo. Sikuzaliwa hivi. Nilifundishwa na kijiji tulichohamishiwa, na sikuhitaji kufundishwa mara mbili.

Kabla ya kuhamishwa tulikaa kwenye kibanja chetu upande wa Nyamahanga, sisi na migomba yetu. Jirani wa karibu alikuwa shangazi, dada yake baba. Ukimwita kwa sauti kubwa alisikia, ukimsengenya hakusikia, na hivyo ndivyo ujirani unavyotakiwa kuwa. Amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa ilipofika tuling'oa milango na miti ya paa, tukaenda kujenga mahali palipopigwa vigingi, nyumba mstari mmoja, mlango ukitazama mlango. Baba alikuwa ameshafariki. Kiwanja cha kulia kwetu alipewa shangazi. Cha kushoto alipewa mama mmoja mjane aliyetoka Shinyanga na ng'ombe watatu, mrefu, mvuta kiko, aliyemzidi mama yangu umri kidogo.

Huyu jirani alikuwa na tabia ya kutazama. Hakujua kumtupia mtu jicho na kuliondoa. Akikutazama, anakutazama mpaka amalize. Mimi akinitazama nilikuwa najifunga kanga upya. Mama hakujali. Walianza kuazimana chumvi, wakaja kuazimana moto, mwisho wakawa hawaendi shamba la kijiji bila kusubiriana. Mama alizaliwa na Kisubi, mwenzake na Kisukuma, kwa hiyo waliongea Kiswahili cha kuokoteza, na walichekana sana. Nami nilikuwa mwalimu wao. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikapewa darasa la kisomo cha watu wazima, na wote wawili walikaa benchi la mbele. Jirani alikuwa mzito wa kuandika, ila hakukosa hata siku moja.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi cha mwaka ule vita vilipokuja kuanza. Tulitoka kuvuna pamba, wanawake wakateremka mtoni kuoga. Mimi nilikuwa nafua. Mama alijivua juu, akawa anajipaka kipande cha sabuni, na jirani akaacha kujisugua akamkodolea macho.

"Mayu," akamwambia. Kwao ndivyo wanavyomwita mtu mama. "Hebu inua mikono."

"Niinue kwa nini?"

"Inua tu."

Mama akacheka, akainua mikono yote miwili. Jirani akasogea, akalitazama titi la kushoto bila kuligusa.

"Hapa ngozi imeingia ndani, kama kitovu. Mama yangu lilianza hivi hivi, akakaa nalo. Uende hospitali wakupime. Uende halaka."

"Mbona haliniumi?"

"La mama yangu nalo halikumuuma."

Mama alishusha mikono, akavuta kanga yake kwenye jiwe akajifunika, na hakucheka tena mpaka tukafika nyumbani.

Kesho yake alijipapasa, akakuta kitu kigumu kama punje ya harage chini ya pale ngozi ilipoingia. Shangazi akaitwa. Shangazi hakutaka kujua ugonjwa; alitaka kujua tarehe.

"Juzi hilo donge lilikuwepo?"

"Sijui, wifi. Sijawahi kulitafuta."

"Basi halikuwepo. Limekuja baada ya kutazamwa."

Huo ndio ulikuwa ushahidi wote, na mimi mwenye darasa la saba niliupokea kwa mikono miwili. Mbona lilikuwa zima miaka yote, watoto watatu wamelinyonya, halafu mtu anakuja kutoka Shinyanga anasema inua mikono, na kesho yake lina uvimbe? "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema shangazi, akageuza shingo kuelekea nyumba ya kushoto. Titi la kushoto, nyumba ya kushoto. Hata hilo nililihesabu.

Jirani alikuja mlangoni kwetu mara ya kwanza baada ya siku chache. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu nililelewa, akaitikia marahaba, akauliza kama mama ameshakwenda. Nikasema bado. Akasimama pale akinitazama kwa namna yake, kisha akaenda.

Mara ya pili alikuja na baiskeli, pamoja na kaka yake aliyekuwa amefika kumtembelea akiwa na ng'ombe. Alikuwa amekunja gunia kwenye kiti cha nyuma ili mama asiumie njiani. Kaka angemfikisha hospitali ya misheni, yeye jirani angefuata kwa miguu na chakula. Mama alikuwa ndani anafunga kitenge chake cha kutokea. Anafunga kweli, namwona. Mimi nikatoka mlangoni nikawaambia mama ana homa, hawezi safari. Halafu nikarudi ndani nikamwambia mama kwa sauti ya chini kwamba wanataka akakatwe, na kwamba akipanda baiskeli ya wale watu harudi. Mama alinitazama muda mrefu. Akakaa kitandani, akakifungua kitenge, akakikunja.

Shangazi alimjua mganga upande wa Nyakisasa, kule Ngara. Tukaenda. Mama akachanjwa chale kulizunguka titi lote, zikapakwa dawa nyeusi. Mganga akasema aliyelifanya yuko karibu, ni mwanamke, na anavuta moshi. Leo naona kwamba shangazi alikuwa amekaa naye peke yao muda mrefu kabla mama hajaitwa. Siku ile mimi nilistaajabu tu jinsi alivyojua.

Kisha vita vikaja. Tulivisikia kwenye redio ya mwenyekiti wa kijiji, wote tumesimama uwanjani. Malori ya askari yakawa yanapita kwenda kaskazini, yakifuatwa na magari ya watu yaliyochukuliwa kusaidia. Vijana wakawa wanafanya mgambo na fimbo. Balozi wetu wa nyumba kumi akapita nyumba kwa nyumba kutuambia tufungue macho, mgeni yeyote tusiyemwelewa tumtaje. Nilifurahi, nasema kweli. Nilipewa kazi ambayo tayari nilikuwa naiweza.

Ndipo jirani alipokuja mara ya tatu. Nilikuwa kizingitini nachambua maharage. Safari hii hakumuulizia mama.

"Mwalimu," alisema, aliniita hivyo japo nilikuwa sawa na mwanawe. "Mama yako amekataa. Basi, nakwambia wewe. Kitu hiki kinapita kwenye damu. Mama yangu alikuwa nacho, kikaja kwa dada yangu. Mimi najitazama kila mwezi. Ukifika umli wa mama yako na wewe ujitazame, kinaweza kukupata."

Kwa hiyo mama hakumtosha! Nilimwambia aondoke, nikamrushia maneno ambayo sitayaandika hapa, nikaingia ndani nikachukua daftari la kisomo. Nilimwandikia balozi barua. Niliandika kwamba mama fulani anapokea wanaume wageni wenye ng'ombe, wanaoongea lugha isiyoeleweka na kuondoka bila kuaga, na kwamba ameonekana akiyatazama malori ya askari kwa muda mrefu. Hakuna neno lililokuwa uongo mtupu. Kaka yake alikuja na ng'ombe, waliongea Kisukuma, na kutazama alitazama kila kitu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, balozi aliusifu.

Hawakumpiga, namshukuru Mungu. Walimhoji siku mbili, wakamwambia arudi alikotoka, kijiji hakiwezi kumdhamini wakati wa vita. Alipita mbele ya nyumba yetu akiwaswaga ng'ombe wake, jembe begani, daftari la kisomo limechomekwa kwenye mkunjo wa kitenge. Alikuwa anatazama chini. Ndiyo mara pekee niliyomwona hatazami.

Nikasubiri uvimbe uondoke, maana mwenyewe amekwisha kwenda. Kila asubuhi nilimwomba mama anioneshe. Wiki ya kwanza nilisema umepungua. Wiki ya tatu sikusema kitu. Punje ya harage ikawa yai, ngozi ikawa kama ganda la chungwa, kwapani kukatoka vingine vidogo, halafu palipochanjwa pakafunguka kidonda. Na sasa maumivu yakaanza, yale tuliyokuwa tunayangoja kama dalili kwamba ni ugonjwa wa kweli.

Gari halikupatikana, yote yalikuwa vitani. Vijana wanne walimbeba mama kwa machela, wakipokezana, mpaka barabarani, na lori la mahindi likatupokea kwa safari iliyobaki. Daktari alimtazama bila kuharakisha. Akaniita pembeni, akasema ni saratani, imekwisha kusambaa, na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Nilimuuliza nani aliyemtupia. Hakunicheka. Alisema haitupwi wala haiambukizwi. Ni nyama ya mwili wenyewe iliyosahau kuacha kukua. Umri huichochea, ukoo huibeba wakati mwingine, na mara nyingi hakuna anayejua kwa nini imemchagua huyu ikamwacha yule. Mwanzoni haiumi, ndiyo maana hutangulia mbele ya watu. Ingekatwa ikiwa ndogo, alisema, mama angekuwa na nafasi nzuri. Nilimshuku hata yeye. Nilidhani anasema hivyo kwa kila mtu.

Tuliporudi kitandani akamuuliza mama, kwa ajili ya kuandika kwenye cheti, ni lini na nani aliliona kwanza. Nilitaka kujibu mimi. Mama akawahi.

"Jirani yangu," alisema. "Aliniambia likiwa dogo. Huyu binti yangu akamfukuza."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyotaja jina la kijiji. Nilitamani ardhi inimeze, na sikuwa na pa kuangalia. Kumbe mama alijua habari ya homa niliyomzulia, na habari ya barua, na alikuwa amekaa nayo kama alivyokaa na ule uvimbe. Alifariki kabla mahindi hayajakauka. Askari walirudi wakiimba, kijiji kizima kikakimbilia barabarani kuwapokea, na mimi nilibaki kwenye mkeka wa msiba na shangazi.

Niliolewa Nyamiaga, karibu na mji wa Ngara, nikazaa, miaka ikapita. Nilipofikisha umri aliofia mama, kulitangazwa kwenye nyumba za ibada kwamba kuna wauguzi wanapima matiti ya wanawake zahanati. Nilikwenda, lakini kwa shingo upande, nikakaa karibu na mlango ili nione kila anayetoka ametoka na uso gani. Muuguzi alikuwa msichana mdogo mwenye fomu ndefu. Ulivunja ungo ukiwa na miaka mingapi? Mtoto wa kwanza ulimzaa lini? Uliwanyonyesha? Unatumia pombe, tumbaku? Nilimjibu kama ninavyomjibu balozi, neno moja moja. Halafu akauliza kama kuna aliyewahi kuugua katika ukoo. Nikasema mama yangu mzazi.

"Basi wewe mama usikose kupimwa," alisema akiandika. "Kitu hiki wakati mwingine kinapita kwenye damu. Haya, inua mikono."

Sikuinua. Nililia pale, mbele ya foleni, mpaka binti wa watu akaogopa, akanieleza mara mbili kwamba kupimwa hakuumi na kwamba uvimbe mwingi si saratani hata kidogo. Nilipoweza, nikainua. Alipapasa kwa vidole vitatu, taratibu, akarudia mahali pamoja. Wangu ulikuwa mdogo kuliko punje ya harage. Nikatumwa Mwanza, wakachukua kinyama kwa sindano, wakapima, ikawa ndiyo yenyewe. Walilikata titi la kulia. Ni miaka mingi sasa na nalima.

Nilipopona niliagiza kwa wachuuzi wa ng'ombe waendao Shinyanga wanitafutie yule mama. Walileta habari kwamba alikwisha kufa, uzeeni, kwao.

Mwezi uliopita nilimwendea binti yangu Biharamulo mjini. Amesoma kunizidi mbali, ana ofisi na ana kiti kinachozunguka. Anakaribia umri ule. Nilimwambia akapime, nikamwambia kitu hiki kinapita kwenye damu, kwa bibi yake kilikuwepo na kwangu kikaja. Alisimama mlangoni mwake, mkono kwenye fremu, akaniangalia kwa jicho ninalolijua kwa sababu ni langu.

"Mama," alisema, "mbona unanitamkia mabaya?"

Akasema ana kazi nyingi, ataona. Nikaaga, nikapanda gari, nikarudi Nyamiaga.

Jirani yetu alikuja mlangoni mara tatu, na mara zote tatu aliyesimama mlangoni nilikuwa mimi. Kwa binti yangu nimekwenda mara moja. Jumamosi naenda tena. Nitavaa blauzi ya vifungo, na akinijibu kama alivyonijibu, nitaifungua pale pale mlangoni, niinue mikono, atazame.