Donatille wa Birere, fundi aliyeificha fomu ya binti yake

Ijumaa, saa mbili kasoro robo asubuhi. Birere, mtaa wa biashara wa mji wa Goma, imeshachangamka kwa honi za pikipiki na sauti za wauza vitenge, na Donatille ameingiza nusu ya uso wake ndani ya cherehani ya watu. Brashi iko mkononi, bisibisi ameichomeka kwenye kilemba. Anapuliza, vumbi jeusi la mawe ya volkano linamrukia machoni, anakohoa, anapuliza tena.

"Vumbi la Goma halina adabu," anasema. "Linaingia mpaka mahali sindano haiingii."

Yupo kibandani tangu saa kumi na mbili. Cherehani tatu ameshazifungua na kuzifunga, na mbili kati ya hizo wala hazikuwa na haraka. Wenyewe walisema watazipitia Jumatatu. Ukimuuliza mbona anajitesa hivyo, anacheka kicheko kikavu na kutazama droo ya meza yake. Humo ndani, chini ya bobini za uzi na mikanda iliyokatika, kuna karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ni fomu ya binti yake Joyeuse, mwenye umri wa miaka kumi na minne, anayemaliza mwaka wa nane wa shule. Mtoto wa Congo akifika hapo lazima achague *option*, yaani mkondo atakaousoma miaka minne ya sekondari: ualimu, biashara, bio-chimie (biolojia na kemia), umeme, ushonaji na mingineyo. Fomu inatakiwa shuleni leo kabla ya saa sita mchana, ikiwa na sahihi ya mzazi. Isipofika, shule itampa Joyeuse nafasi yoyote itakayobaki.

Joyeuse aliijaza Jumanne. Mama yake ameificha tangu Jumatano.

Na huyu, jamani, ndiye mama ambaye Birere nzima inamjua kwa kusema kwamba watoto waachwe waone kazi kwanza, kisha wachague wenyewe.

Donatille ana miaka arobaini na mmoja, na zaidi ya ishirini ameitumia kutengeneza cherehani. Mafundi nguo wa kiume waliomdharau zamani leo wanapanga foleni mbele ya kibanda chake, na wengi hawamjui kwa jina lingine ila Mama Mashini. Kazi ndogo anatoza faranga elfu tano, kubwa dola kumi. Kabla ya benki za mji kufunga milango kwa sababu ya vita alikuwa akipokea cherehani tano kwa siku. Sasa akipata mbili anashukuru.

Ana namna yake ya kufanya kazi ambayo wageni huiona kama kiburi. Hataki kusikia mteja akieleza ugonjwa wa mashine.

Jeancy, fundi wa suruali, anafika akiwa amebeba cherehani yake begani na hasira zake usoni. "Maman, hii kitu inakula sindano. Tatu kwa siku moja. Badilisha hiki kichwa chote."

"Tula chini," anamjibu, akimwonyesha mahali pa kuitua. "Kaa. Ushone, nikuone."

Jeancy anakaa, anaanza kukanyaga. Donatille hatazami mashine, anatazama mkono wa kushoto wa Jeancy. Dakika mbili hazijaisha, anamgonga kofi dogo begani.

"Unavuta kitambaa. Mashini inataka kwenda na wewe unaivuta kama mbuzi ya soko. Sindano itaacha kuvunjika namna gani? Iko muzima kabisa. Mugonjwa ni mukono yako."

Hakumtoza kitu. Alimsema kidogo tu, akamwonyesha namna ya kuuachia mkono, na kijana akaondoka akicheka mwenyewe.

Jicho hilo hakulipata darasani, ingawa darasa alilisoma sana, tena la ushonaji. Alisoma kozi asiyoitaka.

Baba yake, mzee Onésime, alikuwa mfugaji wa milima ya Masisi. Vita vikachukua ng'ombe wake wote, naye akashuka Goma na mke, watoto na kisu cha kukatia majani. Mwaka ambao Donatille alifika umri wa kuchagua, mzee alikwenda shuleni peke yake. Hakujua kuandika. Karani akamsomea orodha, yeye akasimama kwenye ushonaji, akabonyeza kidole gumba. Donatille aliambiwa jioni, akiwa anaosha vyombo.

"Alinielezea vizuri, siwezi kumusema vibaya," anakumbuka. "Alisema: ng'ombe walichukua, shamba tuliacha, lakini kazi iko mu mikono, ukikimbia unakimbia nayo. Na alisema kweli. Nimekimbia mara tatu na bado ninakula. Lakini hakuniuliza, na mi kushona nilikuwa nakuchukia. Mushono yangu ilikuwa inatembea kama mulevi."

Alichopenda ni mashine yenyewe. Wenzake wakishona, yeye alikuwa akiinama kutazama chini ya meza kujua kinachozungusha nini.

Penzi hilo lilimponza siku ya mtihani wa mwisho. Kila msichana alipewa muda wa saa sita kushona gauni zima mbele ya wasahihishaji. Saa ya pili, mashine ya rafiki yake Sylvie ikakwama. Sylvie akaanza kulia. Donatille akainuka, akaifungua, akaitengeneza. Hajakaa, ya nyuma yake nayo ikagoma, kisha ya tatu. Kengele ilipolia, wenzake watatu walikuwa na magauni yaliyokamilika kwa sababu yake, na yeye alikuwa na gauni la mkono mmoja.

"Walinipa sifa nyingi, halafu wakanifelisha," anasema, na safari hii anacheka kwa moyo wote.

Ilibidi arudie mwaka. Lakini wiki hiyohiyo mwalimu wa ushonaji alimletea mashine mbili nyumbani kwao, mtaa wa Murara, azitazame, na tangu siku hiyo hajakosa kazi. Ndiyo maana hupandwa na hasira akisikia kwamba mtoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne anaweza kuamua maisha yake kwenye karatasi.

"Ule umri mutoto hajachagua hata viatu vyake," anasema. "Tunamuuliza atakuwa nani, na hajawahi kuona mutu akitumika ile kazi toka asubui mpaka jioni."

Si wote wanakubaliana naye. Adalbert, préfet, yaani mkuu, wa shule anayosoma Joyeuse, ni mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na amebishana na Donatille mara nyingi hadi wamekuwa marafiki.

"Maman Donatille ana haki kwa upande wake," anasema ofisini kwake. "Lakini mi ninaona vijana wanamaliza masomo na hawajue kufunga hata skuru moja. Mutoto mwenye anachagua mapema anatoka na kazi. Hapa kwetu hatujue kama mwaka kesho masomo itafunguka. Kungojea ni ya wenye wana wakati."

Donatille hujibu kwamba basi wachague mapema, ila kwanza waone. Na hakuishia kusema. Mwaka huu alimchukua Joyeuse Jumamosi tatu mfululizo. Ya kwanza alimketisha na muuguzi kwenye kituo cha afya, ya pili na fundi umeme anayeunganisha nyumba za Murara, ya tatu na mfanyabiashara wa jumla. Sharti lilikuwa moja: akae, afanye kazi, asiulize maswali ya kitabuni. Majirani wawili walipoona hivyo, nao wakawapeleka wa kwao.

Moyoni Donatille alikuwa ameshachagua. Alitaka umeme. Akilini alimwona Joyeuse amepanda ngazi, ana koleo mkononi, wanaume wanamsubiri chini awashe taa. Hakusema neno, lakini alimnunulia soksi mpya za kwenda kwa fundi umeme, jambo ambalo hakulifanya kwa wale wawili wengine.

Baba wa mtoto, Télesphore, anayeleta maharagwe kutoka mji mdogo wa Kiwanja, alitaka bio-chimie. Daktari katika ukoo, basi.

Jumanne jioni Joyeuse akaweka fomu mezani. Kwa mwandiko mzuri alikuwa ameandika: ushonaji.

"Moyo ulinishuka mpaka mu miguu," Donatille anakiri, na sauti inampungua. "Nilisema, Mungu, nimetoroka hii kitu miaka yote, na imezunguka nyumba imeingia na mulango wa nyuma. Nikamwambia nitasaini kesho. Kesho yake nikaleta karatasi hapa, nikaifunika na bobini. Nikajua ninafanya sawa na papa yangu. Hata papa ni afazali, yeye hakuficha."

Saa tatu simu inalia. Ni Télesphore, kutoka Kiwanja, anapakia magunia.

"Mama Joyeuse, umesaini?"

"Bado."

"Si iko bio-chimie?"

"Reso ya simu iko mubaya, Papa Joyeuse, sikusikie," anasema Donatille, ambaye anamsikia vizuri sana, na anakata.

Saa nne na nusu Joyeuse anaingia kibandani, amevaa sare, anahema. Mapumziko ni ya dakika ishirini, na kutoka shuleni amekuja mbio. Hapandishi sauti. Anasimama tu mbele ya meza, mikono nyuma.

"Mama, préfet amesoma majina ya wenye hawajaleta. Tumebaki wawili."

Donatille anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta, muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Juu ya nini kushona, Joyeuse? Unaniona hapa kila siku. Unaona vile mafundi wanalala njaa. Unafuata mi?"

"Sikufuate wewe. Wewe hupendi nguo."

Mama anaacha kufuta mikono.

"Wewe mutu akipita unaangalia kama mashini yake iko inakata uzi," Joyeuse anaendelea, taratibu, kama mtu aliyejiandaa njia nzima. "Mi ninaangalia bega. Ninaona mahali walikosea, na ninajua vile ningefanya. Kwa muuguzi niliangalia blouse zao saa yote. Kwa yule papa wa umeme, Mama, nisamehe, nilisinzia juu ya ngazi."

Halafu anageuka na kuinua kidogo pindo la sketi yake ya bluu. "Hii sketi ulininunulia lini?"

Donatille anahesabu. Aliinunua Joyeuse akianza mwaka wa saba. Ni miaka miwili, na binti ameongezeka kimo karibu cha kiganja kizima.

"Nimeifungua mara mbili," Joyeuse anasema. "Hapa pembeni niliongeza kitambaa ya pantalo ya zamani ya papa. Niliigeuza ndani, njo maana rangi inafanana."

"Ulishonea wapi?"

Joyeuse anatazama chini. "Ku mashini za watu. Jumamosi, ukienda kula. Nilikuwa ninazijaribu kama zimepona."

Mama anapiga magoti palepale chini. Anashika pindo, analigeuza, anapitisha ukucha kwenye mshono kutoka juu hadi chini, kama anavyofanya akikagua kazi ya mashine aliyoitengeneza. Mshono umenyooka. Ukucha haukwami mahali popote. Anaupitisha tena, na bado haukwami.

Mwanamke huyu, anayeweza kutambua kosa la mkono wa mgeni kwa dakika mbili, alikaa na mtoto wake nyumba moja miaka miwili na hakuona. Anasema mwenyewe, bila kulazimishwa, na machozi yanamtoka bila yeye kuyaficha: "Sketi iliendelea kumutosha, nilifikiri tu hakukua."

Anafungua droo, anaondoa bobini, anaikunjua fomu na kuilaza juu ya meza. Chini kabisa kuna mstari wa maoni ya mzazi. Anatafuta kalamu, wino umekauka, anaazima kwa muuza vitenge wa jirani. Anaandika kwa herufi kubwa, polepole: *Amechagua yeye mwenyewe.* Anatia sahihi.

"Papa atasema nini?" Joyeuse anauliza.

"Papa niachie mi. Akirudi Jumapili nitamupikia kwanza. Wewe kimbia."

Joyeuse anakimbia. Mama anasimama mlangoni akimtazama anavyopenya kati ya pikipiki, mpaka sare ya bluu na nyeupe inapotea kwenye umati.

Donatille hajabadili msimamo wake. Bado anaamini miaka kumi na minne ni mapema kwa watoto wengi, na kwamba kuna mmoja mmoja tu ambaye ameshajijua. Shida, anasema, ni kwamba fomu haiwezi kuwatofautisha. Adalbert amekubali kumpa wanafunzi kumi wa mwaka wa nane mwaka ujao, na yeye anazunguka Birere na Murara kutafuta mafundi, wauguzi na wafanyabiashara watakaowaketisha Jumamosi kabla fomu hazijatoka. Wanane wameshakubali. Nauli za wanafunzi atazitoa kwenye kazi yake mwenyewe, na hilo analisema haraka, kana kwamba hataki liandikwe.

Na Joyeuse?

Anarudi kwenye kiti, anachomoa bisibisi kilembani.

"Joyeuse nitamuuliza kila mwisho wa mwaka kama bado anapenda. Akisema hapana, nitafunga hii kibanda ile siku na tutaenda wote wawili kwa préfet. Papa yangu alikufa, ni miaka ine sasa, na hakuniulizaka hata siku moja. Angeniuliza, ningemwambia kwanza asante. Nyuma njo ningemwambia ukweli."